SOMO LA UFUNDI: KUCHONGA VIUNGO VYA RAFU ZA KABATI LA VITABU

Ndugu wanafunzi, vitabu ni mzigo mzito. Rafu iliyoshikwa kwa misumari mitupu hulegea kidogo kidogo, na siku ikianguka huangusha misahafu na vitabu, pengine na kumwumiza mtoto aliyekaa chini yake. Basi tujifunze kuiingiza rafu ndani ya mfuo uliochongwa kwenye mbao za ubavuni, ili mzigo ubebwe na mbao zenyewe.

Kwanza, mbao. Paina ya nyanda za juu kusini, kama ile ya shamba la Sao Hill huko Mufindi, ni laini kuchonga kuliko mninga. Lakini tusichonge mbao mbichi. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili huchelewesha mbao kukauka, hivyo tuzipange chini ya paa, tukizitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite. Ubao uliochongwa mbichi husinyaa baadaye na kiungo hulegea.

Pili, vipimo. Tulaze mbao mbili za ubavuni pamoja, ncha zikilingana, tupige mstari mmoja kwa guni kupita zote mbili. Tukipima kila mmoja peke yake, rafu huweza kuinama upande. Upana wa mfuo tusiuchukue kwa futi, maana ubao wa inchi 1 hupungua ukipigwa randa. Tusimamishe rafu yenyewe juu ya mstari, tuchore upande wa pili kwa ncha ya kisu.

Tatu, kina. Theluthi ya unene yatosha. Ubavu ukiwa na milimita 24, mfuo uwe 8. Kabati likiwa na upana wa nje wa milimita 750, tunatoa 48 za mbavu mbili, tunabaki na 702. Tunaongeza 16 za mifuo miwili. Rafu ni 718.

Nne, kukata. Msumeno upite ndani ya mistari, upande wa sehemu inayotolewa. Patasi ianzie kila ukingo kuelekea kati, ili ubao usimeguke ukingoni. Rafu iingie kwa mkono na kugongwa kidogo. Ikikataa, tuirande rafu, tusiupanue mfuo. Baada ya kutia gundi, tupime kabati pembe hadi pembe, mara mbili; vipimo vikilingana, limekaa mraba.

Zoezi: Upana wa nje ni milimita 700, ubavu 30, mfuo 10. Rafu ina urefu gani? (Jibu: milimita 660.)