Dondoo Muhimu: Mbwa Majeruhi wa Barabarani

Ukimkuta mbwa aliyegongwa na daladala barabarani, nawe moyo ukakutuma kumwuguza hata apate bwana wa kumtunza, zingatia haya:

1. Usimwendee kwa pupa, kwani maumivu humfanya hata mbwa mpole aume. Mfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa anatapika au anahema kwa taabu.

2. Mbebe juu ya ubao, au gunia lishikwalo pembe nne. Usimnyanyue kwa miguu.

3. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile, maana kichaa cha mbwa dalili zikishadhihiri karibu daima huua.

4. Hadhari na diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu: kumpa dawa hizo, kosa litendwalo kwa huruma tupu, huweza kuunguza tumbo na kuharibu figo za mbwa; mwulize kwanza daktari wa mifugo.

5. Ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi, kidogo kidogo, humtosha.

6. Usimkabidhi kwa bwana mpya kabla hajachanjwa; na amtakaye aje kwanza mara mbili tatu, amlishe kwa mkono wake.