Nani Anaamua Protini Ipi Ivunjwe?

Seli hutumia nguvu nyingi kutengeneza protini. Kwa nini tena izivunje?

Kwa sababu protini nyingi kazi yake ni ya muda. Zipo zinazoisukuma seli igawanyike. Zisipoondolewa kwa wakati, mgawanyiko haukamiliki. Nyingine hukunjika vibaya tangu zinapoundwa, na zikirundikana huidhuru seli.

Seli inatambuaje ya kuvunjwa?

Kwa alama. Alama yenyewe ni protini ndogo yenye asidi amino 76 tu, iitwayo ubikwitini, nayo hubandikwa na vimeng'enya vitatu vinavyopokezana. E1 huiamsha ubikwitini kwa nishati ya ATP, E2 huipokea na kuibeba, kisha E3 huishika protini inayolengwa na kuikutanisha na E2, kama mshenga anavyokutanisha koo mbili. Mwenye kuchagua ni E3. Binadamu ana E1 mbili tu na E2 makumi machache, lakini E3 zinapita 600, kwa kuwa kila moja ina protini zake inazozitambua.

Ubikwitini zikishaungana mnyororo, kwa kawaida nne au zaidi, protini huingizwa kwenye mtambo wa seli uitwao proteasomu na kukatwa vipande vifupi. Ubikwitini zenyewe hubanduliwa zikatumike tena.

Nani waligundua haya?

Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Haifa, Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani. Walifanya kazi na chembe changa za damu ya sungura, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004.

Msomaji wa kawaida jambo hili linamhusu nini?

Linamhusu sana, hasa mwanamke wa Afrika Mashariki. Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo p53, ambayo DNA ikiharibika husimamisha seli isigawanyike, au huiamuru ife. Kirusi cha HPV kinataka seli iendelee kugawanyika, kwa hiyo p53 ni kizuizi kwake. Nacho hakiivunji chenyewe. Kinatengeneza protini yake, E6, ambayo huikamata E3 yetu iitwayo E6AP na kuielekeza kwa p53. Kimeng'enya chetu kinaibandika p53 ubikwitini, proteasomu yetu inaikata, na seli inabaki bila mlinzi. Makosa ya DNA hujilimbikiza kwa miaka mingi mpaka saratani ya mlango wa kizazi ijitokeze. Aina mbili za kirusi hiki, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, ambayo nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanawake.

Kwangu mimi, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa vimeng'enya hivi.

Je, tiba inaweza kuvitumia?

Tayari inavitumia. Talidomaidi, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyolemaa karibu na mwaka 1960, leo hutibu saratani ya mieloma. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hujishikiza kwenye serebloni, sehemu ya E3 mojawapo. Sasa tunajua kwamba hapo hubadilisha uchaguzi wa E3 hiyo, ikaanza kuzitia alama protini ambazo isingezigusa. Maabara nyingi sasa zinasanifu dawa za kufanya hivyo kwa makusudi.

Na dhidi ya E6?

Silaha iliyo mikononi mwetu ni chanjo, inayokizuia kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana hutolewa mapema. Mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, hakikisha amechanjwa. Na wewe mama, hata ukiwa huna maumivu yoyote, nenda kituo cha afya ukapimwe mlango wa kizazi. Mabadiliko yakionekana mapema hutibika kabla hayajawa saratani.