Maji Yanayopita Chini ya Tuta

Kiangazi kikishika Kondoa, watu hushuka kwenye korongo kavu, wakafukua mchanga na kusubiri shimo lijae maji. Mchanga huohuo unaotuwekea akiba ndio unaoyavusha maji chini ya tuta la bwawa. Hapa najibu maswali ambayo kamati za maji za vijiji huniuliza mara kwa mara.

Tuta letu halina ufa. Mbona bwawa linakauka mapema?

Pimeni kwanza. Jioni, mifugo ikishaondoka, chomekeni majini kijiti chenye alama, mkisome alfajiri. Usiku usio na upepo jua halina kosa. Kina kikiwa kimeshuka sana, maji yanapenya ardhini, na mara nyingi njia yake ni msingi, si tuta lenyewe.

Kwa nini makorongo yetu yanavuja hivyo?

Milima ya Irangi ilimomonyoka kwa miaka mingi, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Udongo ule haukupotea. Mchanga wake umelala makorongoni, juu ya mwamba. Ukijenga tuta juu yake bila kuugusa, umejenga ukuta juu ya chekeche.

Tufanye nini kabla ya kujenga?

Chimbeni mtaro chini ya mahali pa tuta, kutoka ukingo mmoja wa korongo hadi wa pili, upite mchanga wote mpaka mwamba mzima au udongo mzito. Kina msikikisie, tangulizeni mashimo ya majaribio. Ujazeni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15 hadi 20 kwa wakati, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Udongo huo pia ujaribuni: dondosheni bonge dogo kwenye glasi ya maji safi. Maji yakigeuka kama maziwa bila kukorogwa, udongo huo utamumunyika ndani ya tuta. Tafuteni mwingine.

Na mwamba ukiwa mbali sana, au umepasuka?

Ukiwa mbali, tandikeni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwenye sakafu ya bwawa, kuanzia tuta kuelekea juu ya mto. Hauzuii maji yote, ila unairefusha safari yake, na safari ndefu huyapunguza. Mwamba wenye nyufa hutobolewa mashimo na kusukumiwa uji wa saruji. Bwawa la Teton, jimboni Idaho, Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba, yakaula udongo uliojazwa mtaroni. Asubuhi lilionekana likivuja. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limevunjika. Watu 11 walikufa.

Maji yametokea kwenye kitako cha tuta, upande wa nje. Tuyazibe?

Hapana. Ukiyaziba hapo yatatafuta pengine, tena kwa nguvu zaidi. Kazi yetu si kuyanyima maji njia, ni kuhakikisha hayatoki na udongo. Wekeni juu yake mchanga safi wa mto, kisha changarawe, kisha mawe. Maji yatapita, udongo utabaki. Yaongozeni kwenye mfereji mdogo mnaoweza kuuona na kuupima.

Tutajuaje kuwa hatari imefika?

Kila siku kingeni maji hayo kwenye chupa inayoonyesha, myaache yatulie. Yakiwa safi na kiasi ni kilekile, andikeni daftarini. Tope likituama chini ya chupa, au maji yakiongezeka ilhali bwawa halijapanda, tuta linaliwa kwa ndani. Fungueni bomba la kutolea maji ili kina kishuke, ondoeni watu wanaoishi chini ya bwawa, na mpigieni mhandisi wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Msisubiri kikao. Teton ilitoa saa chache tu.