Kugusa, Kubonyeza na Kulandanisha: Istilahi za Kufundishia Skrini ya Mguso katika Mifumo Pachikwa

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakijajitosheleza kwa maneno ya teknolojia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba kazi za ofisini zinawezekana kwa lugha hii. Programu hiyo, hata hivyo, haikulazimika kushuka hadi kwenye nyaya na chipu. Makala haya yanashuka huko kwa kuchunguza kazi moja: kuiwezesha skrini ya mguso katika mfumo pachikwa, yaani tarakilishi ndogo iliyofungiwa ndani ya chombo kingine, kama vile mashine ya tiketi au kifaa cha zahanati, ili ikitumikie chombo hicho pekee.

Ugumu wa kwanza hautokani na uhaba wa maneno, bali na neno lenyewe "mguso". Skrini ya ukinzani ina matabaka mawili membamba yaliyopakwa kipitishi cha umeme na kuachiwa nafasi ndogo kati yake. Tabaka la juu likikandamizwa hubonyea likakutana na la chini, na volteji inayosomwa hapo ndiyo hueleza kidole kiko wapi. Skrini ya kapasita, ambayo E. A. Johnson wa Uingereza aliieleza mwaka 1965 na ambayo ilienea katika simu baada ya iPhone kutoka mwaka 2007, haihitaji kukandamizwa. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kidole kikiifikia hubadilisha chaji iliyopo. Kiswahili tayari kina vitenzi viwili kwa vitendo hivi: kubonyeza na kugusa. Kijiti cha plastiki hubonyeza skrini ya kwanza vizuri kabisa, ilhali ya pili haikijali. Mwanafunzi anayeambiwa "gusa" mbele ya skrini ya ukinzani atapapasa bila jibu, kisha adhani programu imeharibika. Istilahi imempotosha kabla somo halijaanza.

Chukua mfano wa chipu ya ADS7846 katika mfumo wa Linux. Chipu hii hupima volteji na kuigeuza kuwa nambari kati ya 0 na 4095, kwa kuwa kipimo chake ni cha biti 12. Kipanya cha USB hujitambulisha chenyewe kinapochomekwa. Chipu iliyounganishwa kwa njia ya SPI haijitambulishi. Kwa hiyo kiini cha Linux huarifiwa mapema kupitia mti wa vifaa: chipu iko kwenye njia ipi, iendeshwe kwa kasi gani, na ni waya upi utakaoashiria kwamba skrini imebonyezwa. Ishara hiyo aghalabu huitwa "katizo", tafsiri sahihi lakini kavu. "Hodi" ingeeleweka upesi zaidi, kwani chipu hubisha na kiendeshi huitikia kwa kuja kusoma nambari.

Kiendeshi hupeleka taarifa hizo katika faili kama /dev/input/event0: thamani ya mlalo, thamani ya wima, hali ya kubonyezwa au kuachiliwa, na alama ya kufunga taarifa. Programu ya evtest huzionyesha jinsi zilivyo. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Ikiwa skrini imebonyezwa na evtest haionyeshi chochote, kasoro itafutwe kwenye nyaya, kiendeshi au mti wa vifaa. Hakuna ulandanishi utakaoiponya.

Ulandanishi wenyewe hufuata. Neno "kusawazisha" limezoeleka, lakini simu hulitumia kwa kuoanisha data, na fundi anaweza kuchanganyikiwa. Kinachofanyika ni kulandanisha nambari za chipu na nukta za picha. Programu ya ts_calibrate, katika maktaba ya tslib, huonyesha misalaba mitano, mmoja baada ya mwingine, nayo hubonyezwa kwa zamu. Kutokana nayo hukokotolewa vizidishi sita, vitatu kwa mlalo na vitatu kwa wima, vinavyotosha kusahihisha kusogea, kutanuka na kuzunguka kwa picha, kisha huhifadhiwa katika faili ya pointercal. Kifaa cha zahanati kisicholandanishwa humfanya muuguzi abonyeze "hapana" nacho kiandike "ndiyo". Kutikisika kwa nambari, kidole kikiwa kimetulia, hushughulikiwa na vichujio vya tslib; hilo si gumu.

Skrini za kapasita kwa kawaida hazihitaji misalaba hiyo, kwa sababu vidhibiti vyake hupangwa kutoa nambari zinazolingana na nukta za skrini. Kinachobaki ni mwelekeo. Kidole kipitishwe kutoka kushoto kwenda kulia huku evtest ikitazamwa: thamani ya wima ikibadilika badala ya mlalo, mihimili imebadilishana, mlalo ukipungua badala ya kuongezeka, umegeuzwa. Vyote viwili hurekebishwa katika mti wa vifaa, kwa mstari mmoja kila kimoja, iwapo kiendeshi kinausoma.