Zaidi ya Ngozi: Istilahi na Madhara ya Skleroderma ya Sehemu kwa Watoto

Makala hii inashikilia kwamba kuiita skleroderma ya sehemu "ugonjwa wa ngozi" humficha mzazi madhara yaliyo mazito zaidi. Istilahi yenyewe ina asili ya Kigiriki: skleros ni -gumu, derma ni ngozi. Etimolojia hiyo ni sahihi, ila inaishia juu juu.

Chukulia mzazi wa mtaa wa Elgon View, Eldoret, anayeona baka gumu linalong'aa, lililonyooka kama utepe kwenye mguu wa mwanawe. Kiswahili kinampa maneno matatu ya karibu: choa, mbalanga na ukoma. Yote yanapotosha. Choa na ukoma huambukiza, ilhali skleroderma haiambukizi. Mbalanga huondoa rangi bila kuikakamaza ngozi. Isitoshe, wekundu unaotajwa aghalabu kuwa dalili ya awali hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi.

Utafiti wa Zulian na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, uliwahusisha watoto 750. Kati yao, 168 walikuwa na athari nje ya ngozi, na kwa karibu nusu ya hao athari zilikuwa za viungo. Utepe ukipita juu ya goti, tishu hukaza hadi goti lishindwe kunyooka. Mfupa nao hudumaa, na kwa kuwa mtoto angali anakua, mguu mmoja huachwa nyuma na mwenzake. Utepe wa kipaji cha uso waweza kuandamana na kifafa (neno lenye mzigo wake wa unyanyapaa), au uvimbe ndani ya jicho usiouma wala kuonyesha wekundu. Ndiyo maana macho hupimwa hata mtoto asipolalamika.

Methotreksati, aghalabu pamoja na steroidi mwanzoni, huzima ugonjwa ulio hai. Haiurefushi mfupa uliokwisha kudumaa. Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na tangu 2015 hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Kwa mkazi wa Elgon View, basi, umbali si kikwazo kikuu. Hatari ni kuambiwa "ni ngozi tu", akaridhika na mafuta ya kupaka.

Je, iitweje? "Ukakamavu" haufai, kwa kuwa tayari ni sifa ya ujasiri. "Mkakamao wa tishu" unafaa zaidi: tishu ni pamoja na misuli na mfupa, na anayelisikia jina hilo atauliza ugumu umefika wapi.