Kantangaze: Mtambue Angali Ndani ya Jani

Mkulima wa nyanya anayesubiri kuona nondo wakiruka ndipo apige dawa amekwisha kuchelewa. Kantangaze, ambaye wataalamu humwita *Tuta absoluta*, huruka usiku na mchana hujificha katikati ya majani. Tena anayekula zao si nondo, ni kiwavi wake, naye hujifungia ndani ya jani ambamo dawa nyingi hazimfikii. Basi anza kwa kukagua majani.

Chuma jani lenye doa jeupe au la kijivu, uliangalie kwenye mwanga wa jua. Kama ni kantangaze utaona eneo pana lililoliwa nyama na kubaki ngozi mbili za jani, halina umbo maalumu, na ndani yake mna vinyesi vyeusi. Mara nyingi hata kiwavi mwenyewe utamwona akijongea. Wengi humchanganya na nzi mchimba majani, ambaye huacha mstari mwembamba unaopindapinda. Ukiwa na shaka, pasua ngozi ya jani kwa ukucha. Funza wa nzi hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Kiwavi wa kantangaze ana miguu, kichwa cha kahawia, na utepe mweusi mwembamba nyuma ya kichwa. Usiidharau tofauti hii, kwa maana dawa inayomuua mmoja yaweza isimguse mwingine, na fedha ikawa imepotea.

Nondo mwenyewe ana urefu wa milimita 5 hadi 7, karibu sawa na punje ya mchele. Ni wa kijivu, na mabawa yake ya mbele yana madoadoa meusi. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, mengi yakiwa kwenye majani machanga. Yai halifiki nusu milimita. Baada ya siku 4 hadi 6 huanguliwa, kiwavi akatoboa jani, shina changa au tunda na kuingia. Hukua kwa hatua nne, rangi ikibadilika kutoka ya maziwa hadi kijani na wekundu hafifu, kisha wengi hudondoka udongoni na kugeuka pupa.

Kinachomfanya awe hatari ni kasi hiyo ya kuzaana. Kwenye joto la nyuzi 27 mzunguko wote huchukua siku 24 hivi; kwenye nyuzi 14 hufika siku 76. Kwa hiyo katika maeneo ya joto, msimu mmoja wa nyanya unatosha vizazi vitatu au zaidi, na shamba lisilotunzwa laweza kupotea lote. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, Afrika Kaskazini mwaka 2008, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania.

Mtego wa harufu ya jike hunasa madume peke yake, hivyo usiutegemee kuokoa zao. Kazi yake kubwa ni kukujulisha kwamba nondo wameingia, ukague majani mapema na kupuliza viwavi wangali wadogo. Usirudie dawa ya kundi lilelile kizazi baada ya kizazi, maana wadudu huizoea; mwulize afisa ugani makundi ya kupokezana. Majani na matunda yenye matundu yachume, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani, au yafukie chini sana. Ng'oa pia mnavu unaoota pembezoni, kwa sababu kantangaze hujihifadhi humo nyanya zikiisha. Biringanya na viazi mviringo navyo humlisha, kwa hiyo msimu unaofuata panda mahindi, vitunguu au kabeji.

Ukimaliza kuvuna, usiache mashina yamesimama. Yang'oe mara moja, na umwombe jirani yako afanye hivyo hivyo, kwani nondo wa shamba lake ndio watakaotaga kwenye miche yako.