Krismasi ya Jamaa Nzima Shambani

Desemba imefika. Watoto wamefunga shule, na wale walio mjini wanatafuta magari ya kuja nyumbani. Katika somo la mwezi huu sitasema habari za kupe wala za mbolea. Nataka tuzungumze juu ya siku ya Krismasi yenyewe: jamaa ifanye mambo gani pamoja ili siku ipite kwa furaha, bila deni, na bila mama kuwa mtumwa wa jiko.

Katika kazi yangu nimeingia nyumba nyingi wakati wa sikukuu. Mara nyingi mambo huwa hivi. Asubuhi watu huenda kanisani. Mchana mama na binti zake wamo jikoni katika moshi. Baba amekwenda sokoni "kuonana na watu", naye hurudi usiku. Vijana waliotoka Nairobi wameinamia simu zao. Watoto wadogo wanazunguka nyumba wakingoja soda. Jioni nyama imekwisha, fedha zimekwisha, na hakuna aliyezungumza na mwenzake neno la maana. Krismasi ya namna hiyo ni ghali sana, kwa kuwa watu wasio na la kufanya ni lazima wanunuliwe furaha. Lakini watu wanaofanya jambo pamoja hujitengenezea furaha yao wenyewe, na shamba lina karibu kila kitu wanachohitaji.

1. Fedha kwanza

Kabla ya tarehe 20, baba na mama wakae mezani na bahasha tatu. Ya kwanza iandikwe "Shule, Januari". Ya pili iandikwe "Mbegu na mbolea, Machi". Ya tatu iandikwe "Krismasi". Zijazeni zile mbili kwanza. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kidogo. Kisha waonyesheni watoto wakubwa bahasha ya tatu, wajue kilichomo. Mtoto aliyeonyeshwa ukweli hadai viatu ambavyo baba yake hawezi kuvinunua.

2. Ng'ombe hajui Krismasi

Ng'ombe atakamuliwa asubuhi na jioni, sikukuu au si sikukuu. Basi andikeni zamu za kazi katika karatasi, muitundike mlangoni pa jiko. Kwa mfano:

Kukamua alfajiri: baba na mtoto wa kwanza.
Kuni na maji, tarehe 24: vijana waliotoka mjini.
Kupika chapati: watu wote.
Kuosha vyombo vya mchana: baba na wajomba.
Kukamua jioni: aliyezoea kukamua, na mgeni mmoja wa kujifunza.
Mama: apumzike kutoka saa nane mpaka saa kumi.

Najua wako watakaocheka wakisoma mstari wa mwisho. Na wacheke, lakini wauandike.

Saa za kukamua zisibadilike. Tena mgeni asianze kwa kushika chuchu, kwa kuwa ng'ombe akiguswa na mkono asioujua huweza kuyazuia maziwa. Mgeni asimame kando kwanza, ashike ndoo, ng'ombe amzoee. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana wa mjini akipewa kazi nyumbani hajioni kuwa amedharauliwa. Hujiona kuwa bado ni mtu wa nyumba hii.

3. Tawi la Krismasi

Katika sehemu zetu za baridi watu hupenda kupamba saiprasi, mti ambao asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Kosa kubwa ni kukata kilele cha mti mchanga. Mti uliokatwa kilele hutoa vilele viwili au vitatu, hupindika, na hautoi mbao nzuri. Nendeni pamoja mkate tawi la chini. Likateni karibu na shina, msiache kisiki, wala msipande kukata juu ya nusu ya urefu wa mti. Kwa kufanya hivyo mmepata tawi la sikukuu, na mti nao umepogolewa, utatoa mbao zisizo na vifundo vingi. Walio katika nchi ya joto, ambako saiprasi haioti, watumie tawi la mwembe.

Mapambo yatengenezwe na watoto. Bisi zitungwe katika uzi kwa sindano. Lakini kumbukeni kuwa mahindi ya kawaida hayapasuki vizuri, yatakiwa yale mahindi madogo ya bisi. Katani isukwe kuwa nyota. Mayai yatobolewe pande mbili kwa sindano na kupulizwa. Kilicho ndani kiende katika maandazi, na maganda yapakwe rangi na kutundikwa. Ila msiweke mshumaa wala taa ya moto katika tawi. Saiprasi iliyokauka hushika moto upesi sana.

Siku ya pili kila mtoto achimbe shimo moja la mti, upana na kina cha futi moja na nusu. Msipande sasa, kwa kuwa jua la Januari litaua mche. Mti upandwe mvua za masika zikianza, na uitwe kwa jina la mtoto aliyechimba shimo. Mtoto aliye mjini atauliza habari za mti wake kila mara apigapo simu.

4. Chapati za mikono mingi

Unga wa ngano kilo 2 hutoa chapati kama 20 za kadiri. Tieni chumvi vijiko viwili vidogo, mafuta kidogo, na maji ya vuguvugu zaidi kidogo ya lita moja. Baba akande unga, kwa kuwa ana nguvu za mikono. Donge lifunikwe nusu saa. Kisha wavulana wasukume, wasichana wapake mafuta na kukunja, na kila mtu achome chapati moja yake mwenyewe, hata mtoto wa miaka saba akisimamiwa na mtu mzima. Chapati yenye umbo la ramani isitupwe. Hiyo ndiyo itakayosimuliwa mpaka Pasaka.

5. Michezo ya uwanjani

Michezo ifanywe baada ya chakula kutulia. Mbio za magunia hazina gharama. Katika mbio za kijiko tumieni kiazi badala ya yai. Kuvuta kamba kunahitaji kamba ya katani iliyo nzima tu. Gawanyeni pande kwa kuchanganya umri, nyanya na mjukuu wake wawe upande mmoja, ili ushindi usiwe wa vijana siku zote.

Ukiwa na mizani, weka mchezo wa kukisia uzito. Kila mtu aandike uzito wa kabichi, wa malenge, na wa kondoo au mbuzi. Kisha mpime. Kama mnyama atachinjwa, pimeni pia nyama yake. Mtaona kuwa nyama pamoja na mifupa ni karibu nusu tu ya uzito wa mnyama akiwa hai. Kijana akilijua jambo hilo, mchuuzi hatamdanganya bei kwa urahisi.

Onyo moja: msitumie chupa au madebe yaliyokuwa na dawa ya kupe au ya kunyunyizia viazi, kwa maji wala kwa maji ya matunda, hata yakioshwa mara kumi. Na kabla wageni hawajafika, dawa zote zifungiwe kwa kufuli. Mtoto wa mjini hajui chupa ipi ni ya nini.

6. Matembezi ya mpakani

Sasa nitawaeleza mchezo ambao kwangu mimi unapita yote, nami nitasema sababu yake.

Mpango wa kuwagawia wakulima ekari milioni moja ulianza mwaka 1962. Babu yangu, aliyekuwa kibarua, alipata shamba lake huko Kinangop mwaka 1964, kwa mkopo ambao aliulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kila Krismasi, watu wakiisha kula, alituita wajukuu akashika bakora yake, tukaenda kuzunguka mpaka. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuficha kopo la peremende karibu na kila jiwe la mpaka. Masharti yalikuwa mawili: mlione jiwe kwanza ndipo mtafute kopo, na mhesabu hatua kwa sauti kutoka jiwe mpaka jiwe. Nilipokuwa na miaka tisa, kutoka jiwe la juu hadi jiwe la mtoni zilikuwa hatua zangu 310. Sisi tulifikiri ni habari ya peremende tu.

Baadaye wajomba na baba wadogo walitawanyika mijini, babu akazeeka miguu, matembezi yakakoma. Alifariki mwaka 2009. Mwaka 2011 jirani mpya alijenga ua, na watu wetu wakasema ameingia kwetu. Maneno yakawa makali. Baba zangu wadogo walishika mapanga siku moja, wakazuiwa na akina mama. Jiwe la mtoni halikuonekana. Kila mtu alionyesha mahali pake, na kila mtu aliapa.

Mimi nilikuwa katika chuo cha ualimu, nikaja nyumbani kwa Krismasi. Nikakumbuka zile hatua 310. Lakini hatua zangu zilikuwa zimekuwa ndefu. Basi nikamchukua mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, tukasimama katika jiwe la juu, nikamwambia, "Tembea ukihesabu kwa sauti, ufuate ule mti mkubwa." Jirani naye akaja kutazama. Kijana alipofika 310 tulikuwa katika majani marefu ya mtoni. Tukachimba huku na huku, saa nzima, mpaka jembe likagonga jiwe, kina cha mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko. Udongo wa mafuriko ulikuwa umelifukia.

Tulipovuta kamba kutoka jiwe mpaka jiwe, kila mtu alinyamaza. Upande wa chini ua wa jirani ulikuwa umeingia kwetu hatua tatu. Upande wa juu, viazi vyetu sisi vilikuwa vimeingia kwake hatua mbili. Mpimaji wa serikali alikuja baadaye akathibitisha. Ua ukasogezwa, viazi vikang'olewa, na Krismasi iliyofuata yule jirani alikunywa chai kwetu. Watu waliokuwa tayari kuumizana walipatanishwa na mchezo wa mtoto.

Kwa hiyo, mkulima mwenzangu, nakuomba ufanye matembezi haya mwaka huu. Ficha peremende, njugu, au ndizi. Waache watoto walitafute jiwe, wafyeke majani yaliyolifunika, wahesabu hatua, na waonyeshwe mti au jabali lililo karibu. Mwalike jirani na watoto wake, ili pande mbili zione kitu kimoja. Jiwe lisiguswe. Kuling'oa au kulisogeza ni kosa kwa sheria. Likiwa limepotea, usipande jiwe lako mwenyewe, ila peleka habari katika ofisi ya upimaji wa ardhi.

7. Jioni: vitendawili na daftari

Baada ya kukamua, kusanyikeni penye moto. Anzeni kwa vitendawili, lakini vya kutungwa hapo hapo juu ya shamba lenu. Mmoja aseme, "Kitendawili!" nao wajibu, "Tega!" Kwa mfano: "Nina mgeni wangu, kutwa nzima namlisha mimi, naye hunilipa mara mbili kwa siku." Wakishindwa wampe mji, naye awaambie kuwa ni ng'ombe wa maziwa.

Kisha leteni daftari moja jipya. Mzee wa nyumba aulizwe, na mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike: tulifika hapa mwaka gani, shamba letu ni nambari gani, zao la kwanza lilikuwa nini, mkopo ulikwisha lini, nani alizaliwa hapa, na hatua za mpaka zilizohesabiwa mchana, pamoja na jina na umri wa aliyehesabu. Mzee asikatizwe akienda polepole. Wengi wa wale waliofika katika mashamba haya mwanzoni wamekwisha kutuacha, na waliobaki hawatakuwa nasi kila Krismasi. Daftari likae pamoja na hati ya shamba, na kila mwaka liongezwe ukurasa mmoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini si vizuri kukata kilele cha saiprasi kwa ajili ya pambo?
2. Nani katika nyumba yako hakupumzika hata kidogo Krismasi iliyopita? Mwaka huu nani atamshikia kazi?
3. Watoto wako wanaweza kuonyesha mawe yote ya mpaka bila wewe kuwapo?
4. Baada ya kujaza bahasha mbili za kwanza, ni mambo gani ya sikukuu yatatoka shambani bila kununuliwa?

Kama swali la tatu limekushinda kulijibu, basi unayo kazi ya mchana wa tarehe 25. Nunua peremende mapema.

Nawatakia nyote Krismasi njema, na mvua za kutosha mwaka ujao.

Karani wa Kilimo